Tuwapimeje wachezaji wa besi ya pili wa zamani: Barnes, McPhee, Lajoie, Collins na Hornsby?

Mfuatiliaji wa Lang'ata

Nawasalimu wapenzi wote wa besiboli mlioko Nairobi na kwingineko. Swali langu linahusu wachezaji wa besi ya pili wa vizazi vya mwanzo, yaani wale waliocheza kati ya miaka ya 1870 na miaka ya 1920, na jinsi tunavyoweza kuwapanga kwa ubora tukitegemea takwimu, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyewaona uwanjani.

Nikisoma wastani wa kupiga (mapigo yaliyofanikiwa yakigawanywa kwa nafasi za kupiga), naona kwamba Ross Barnes wa Chicago alifikisha 0.429 mwaka 1876, Fred Dunlap wa St. Louis 0.412 mwaka 1884, Napoleon Lajoie wa Philadelphia 0.426 mwaka 1901, na Rogers Hornsby wa St. Louis 0.424 mwaka 1924. Eddie Collins, ambaye wajuzi wengi humweka juu kabisa, hakufikisha 0.400 hata msimu mmoja, na wastani wake wa maisha ni 0.333. Bid McPhee wa Cincinnati alimaliza na 0.272 tu. Hata hivyo, McPhee yumo katika Ukumbi wa Mashuhuri wa besiboli kule Cooperstown, ilhali Barnes na Dunlap hawamo.

Ofisini kwetu Upper Hill kuna mwenzangu anayeshikilia kwamba 0.426 ya Lajoie ndiyo ya juu kuliko zote katika Ligi ya Marekani na Ligi ya Taifa tangu karne ya 20 ianze, na kwamba kwa sababu hiyo mjadala umekwisha. Mwingine anasema takwimu za zama zile hazina maana yoyote, kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa tofauti, na kwamba kuwalinganisha watu hao ni kupoteza wakati. Mimi siridhiki na upande wowote kati ya hizo mbili. Naamini kuna njia ya haki ya kuwapima, na ningependa wenye ujuzi wanieleze hatua kwa hatua jinsi wanavyofanya, hasa kuhusu ulinzi, ambao kwangu ni giza tupu.

Mwalimu wa Hisabati, Buruburu

Ndugu Mfuatiliaji, nitaanzia palepale ambapo mwenzako anaona mjadala umeishia, yaani kwenye ile 0.426 ya Lajoie.

Mwaka 1900 kulikuwa na timu 8 tu za ligi kuu. Mwaka 1901 Ligi ya Marekani ilijitangaza kuwa ligi kuu ya pili, timu zikawa 16, na hivyo mahitaji ya warushaji yakaongezeka maradufu kwa mkupuo mmoja. Wengi wa warushaji hao wasingepata ajira ya ligi kuu mwaka mmoja kabla. Juu ya hilo kulikuwa na jambo la sheria ambalo watu wengi hulipita bila kuliangalia. Ligi ya Taifa ilianza mwaka huohuo wa 1901 kuuhesabu mpira uliopigwa nje ya mistari kuwa straiki (kosa la mpigaji, ambalo likifika tatu linamtoa), mradi mpigaji awe hajafikisha straiki mbili, lakini Ligi ya Marekani haikuifuata sheria hiyo hadi 1903. Maana yake ni kwamba Lajoie, aliposimama mbele ya mrushaji mwaka 1901, aliweza kuupiga nje kila mpira asioupenda bila kutozwa chochote, mpaka ukaja ule anaoutaka.

Matokeo yake yanaonekana waziwazi katika wastani wa ligi nzima. Mwaka 1901 ulikuwa 0.277, na mwaka 1902 ulikuwa 0.275. Sheria ilipoingia mwaka 1903 ukaporomoka hadi 0.255, na mwaka 1904 ukafika 0.244. Sasa chukua kalamu. Mwaka 1904 Lajoie, akiwa ameshahamia Cleveland, alipiga 0.376, ambayo kwa msomaji wa kawaida ni pungufu sana kuliko 0.426. Gawanya 0.426 kwa 0.277, utapata 1.54. Gawanya 0.376 kwa 0.244, utapata 1.54 vilevile. Misimu hiyo miwili, ambayo jedwali linaitenganisha kwa pointi 50 (yaani 0.050), ni msimu mmoja kwa ubora: mtu yuleyule, juu ya wenzake kwa kiasi kilekile, ila mazingira yamebana. Kwa hiyo mwenzako ana haki ya kumsifu Lajoie, lakini anamsifu kwa sababu isiyotosha, na huenda hajui kwamba mwaka 1904 ulistahili sifa hiyohiyo.

Sisi Wakenya tunalijua jambo hili bila kufundishwa tunapozungumzia riadha. Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1500 kule Mexico City mwaka 1968 kwa muda wa dakika 3 na sekunde 34.9, muda ambao leo vijana wengi wa Kenya wanaupita. Hakuna anayesema kwamba vijana hao wote ni wakubwa kuliko Keino. Tunakumbuka kwamba mji ule uko juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na kwamba Jim Ryun, aliyekuwa na rekodi ya dunia, aliachwa kwa karibu sekunde 3. Pengo lake na wenzake wa siku ile ndilo linalotuambia alikuwa nani.

Tukitumia kipimo hicho kwa Hornsby, 0.424 ya mwaka 1924 ikigawanywa kwa wastani wa Ligi ya Taifa wa 0.283 inatoa 1.50, yaani chini kidogo ya Lajoie. Hapa lakini wastani wa kupiga unamdhulumu Hornsby, kwa sababu unahesabu pigo la besi moja sawa na homurani, yaani pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote. Hornsby alipiga homurani 42 mwaka 1922 na bado wastani wake ukawa 0.401. Kuna kipimo kinachojumlisha uwezo wa kufika besi na nguvu ya kupiga, kisha kikarekebisha kwa ligi na kwa uwanja wa nyumbani, ambapo 100 ni mpigaji wa kawaida wa wakati wake. Kwa maisha yote ya uchezaji Hornsby ana 175, Lajoie 150, na Collins takriban 142. Kama swali lingekuwa ni nani mpigaji bora kati yao, ningefunga daftari hapa na kuandika jina la Hornsby.

Kuhusu Barnes, 0.429 yake ikigawanywa kwa wastani wa ligi wa 0.265 inatoa 1.62, kubwa kuliko zote nilizozitaja. Hata hivyo kuna mambo mawili ya kuyapima kabla ya kumvika taji. La kwanza ni sheria. Wakati ule mpira ulioguswa ukaanguka kwanza ndani ya mstari kisha ukayumba kutoka nje ulihesabiwa kuwa halali, na Barnes alikuwa fundi mkubwa wa pigo hilo, kwani walinzi walilazimika kuufukuza mpira mbali huku yeye akikimbilia besi. Sheria ilibadilishwa kabla ya msimu wa 1877. Mwaka huo Barnes alicheza michezo 22 tu na kupiga 0.272, lakini aliugua pia, na kwa hiyo hatuwezi kusema kwa uhakika ni kiasi gani cha anguko lile kilitokana na sheria na kiasi gani kilitokana na maradhi. Wanaosema sheria mpya ilimmaliza wanaruka hatua moja.

La pili ni idadi. Barnes alipata nafasi 322 za kupiga katika msimu ule wote, na Hornsby alipata 536 mwaka 1924. Mpigaji mwenye uwezo halisi wa 0.350 akipewa nafasi 322, bahati peke yake inaweza kumpandisha au kumshusha kwa pointi 27 hivi bila mtu yeyote kushangaa. Akipewa nafasi 536, kiasi hicho kinapungua hadi pointi 21. Misimu mifupi huzaa wastani wa kutisha, juu na chini. Simpunguzii Barnes heshima, kwa sababu mtu wa pili katika ligi mwaka ule alipiga 0.366, na pengo la pointi 63 si la kubezwa. Ninasema tu kwamba msimu mmoja wa michezo 66 haubebi uzito uleule.

Dunlap simwoni kuwa na utata. Ile 0.412 ya mwaka 1884 aliipata katika Union Association, ligi iliyodumu msimu mmoja, na timu yake ilishinda michezo 94 na kupoteza 19 kwa sababu wapinzani wengi hawakuwa wa kiwango cha ligi kuu. Mwaka uliotangulia, katika Ligi ya Taifa, alikuwa amepiga 0.326. Mwaka uliofuata aliporudi katika ligi hiyo alipiga 0.270. Alikuwa mchezaji mzuri aliyekutana na ligi dhaifu.

Binti wa Parklands

Mwalimu ameeleza upande wa kupiga vizuri kabisa, na ninamshukuru. Nimecheza softiboli tangu shuleni, na nafasi yangu ni hiyohiyo ya besi ya pili, kwa hiyo ndugu Mfuatiliaji, nitajaribu kuliangaza hilo giza la ulinzi.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba besi ya pili ya mwaka 1905 haikuwa kazi ileile ya besi ya pili ya leo. Leo tunaihesabu kuwa nafasi ya ulinzi kwanza na ya kupiga baadaye, kwa sababu mlinzi wake ndiye kiungo cha kuwatoa wachezaji wawili kwa mpira mmoja: anapokea mpira kutoka kwa mwenzake, anakanyaga besi huku mkimbiaji akimjia miguuni kwa kasi, anageuza mwili hewani, na kurusha hadi besi ya kwanza kabla mpigaji hajafika. Miguu na kiuno hufanya kazi kubwa kuliko mkono. Lakini katika zama za Lajoie na za ujana wa Collins homurani zilikuwa chache mno, timu zilitafuta mkimbio mmojamoja, na wapigaji waliugusa mpira taratibu ili kumsogeza mkimbiaji mbele, jambo lililopunguza sana nafasi za kuwatoa wawili kwa pamoja. Mipira hiyo ya kuguswa ilimwelemea zaidi mlinzi wa besi ya tatu. Kwa hiyo nafasi ngumu ya ulinzi ilikuwa ile ya tatu, na besi ya pili ndiyo iliyotarajiwa kutoa wapigaji. Bill James, mchambuzi mashuhuri wa takwimu za besiboli, aliliona hili na kulieleza kwa kirefu, na ukitazama orodha ya wakati huo unaona ni kweli: Larry Doyle, ambaye ulinzi wake haukusifiwa sana, alicheza besi ya pili New York, akatunukiwa kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1912 na kuongoza kwa wastani wa kupiga mwaka 1915. Hali iligeuka polepole baada ya 1920, mpira ulipoanza kuruka mbali.

Matokeo yake kwa hesabu zetu ni makubwa. Ukimpa Lajoie nyongeza ileile ya ulinzi unayompa mchezaji wa besi ya pili wa leo, unamzidishia. Ukimnyima kabisa, unamdhulumu. Vipimo vyema hurekebisha nyongeza hiyo kwa kila kipindi, na mtu anayelinganisha wachezaji wa zama mbili anapaswa kuuliza kwanza kama marekebisho hayo yamefanywa.

Jambo la pili ni makosa. Watu hupenda kutazama asilimia ya mipira iliyochezwa bila kosa, na wakimwona mchezaji wa miaka ya 1880 ana makosa mengi wanamdharau. Mwaka 1876 ligi nzima ilikosea karibu mipira 13 katika kila 100. Viwanja vilikuwa vya mashimo, na glavu zilikuwa chache na nyembamba kama za baridi. McPhee alicheza kwa mikono mitupu kuanzia 1882, na hakuvaa glavu kwa msimu mzima hadi 1896, wakati wenzake karibu wote walikuwa wameshazizoea. Hebu fikiria maana yake: mpira mgumu uliopigwa kwa nguvu, kwenye ardhi isiyosawazishwa, unaudaka kwa vidole vyako, siku baada ya siku kwa zaidi ya misimu 12, na bado unaongoza ligi mara kwa mara kwa kutokosea. Idadi yake ya kuwatoa wachezaji kwa mkono wake mwenyewe katika besi ya pili ni zaidi ya 6,500, na hakuna aliyeivuka hadi leo. Ndiyo maana yuko Cooperstown, ingawa alisubiri hadi mwaka 2000, miaka mingi baada ya kufariki. Wastani wake wa 0.272 hausemi lolote kuhusu jambo hilo.

Hata hivyo, ninawaomba msiichukue ile 6,500 kama ilivyo. Kila timu inayomaliza vipindi tisa vya ulinzi katika mchezo huwatoa wapinzani 27, wala zaidi wala pungufu, hata kama walinzi wake ni hodari au ni wazembe. Idadi hiyo inagawanywa kati ya wachezaji tisa. Mrushaji akiwashinda wapigaji wengi kwa straiki tatu, wanabaki wachache wa kutolewa na walinzi. Siku hizi kila timu hupata zaidi ya 8 kwa njia hiyo katika mchezo mmoja, na zamani walikuwa wachache sana kuliko hivyo. Kwa hiyo mlinzi wa zamani alifikiwa na mipira mingi kuliko wa leo kabla hata hatujazungumzia miguu yake. Kipimo cha Bill James cha kujumlisha kutoa na kusaidia kutoa kwa kila mchezo ni kizuri zaidi ya kuhesabu makosa, lakini lazima ukilinganishe na walinzi wa ligi ileile mwaka uleule, na ujue warushaji wa timu hiyo walikuwa wa namna gani. Usipofanya hivyo utakuwa umewapima warushaji ukidhani umempima mlinzi.

Mfuatiliaji wa Lang'ata

Mwalimu, nawe dada, nawashukuru sana. Sasa naelewa kwamba kila namba inapaswa kusomwa pamoja na mwaka wake na nafasi yake. Ningependa kuongeza swali moja. Nimekutana na kile kipimo kinachokadiria ushindi ambao mchezaji ameiongezea timu yake juu ya mchezaji wa akiba wa kawaida, na kwa hesabu mojawapo inayotumika sana Hornsby ana takriban 127, Collins 124 na Lajoie 107. Je, hicho ndicho hitimisho la yote mliyoeleza? Yaani, Hornsby wa kwanza, Collins wa pili, Lajoie wa tatu, basi?

Karani Mstaafu, Kariokor

Vijana wangu, nimefurahi kuwasoma. Mimi nimefanya kazi ya kutunza vitabu vya hesabu kwa muda mrefu, na jambo ambalo sijaona likitajwa ni ubora wa daftari lenyewe. Kile kipimo cha ushindi kinapikwa kutoka kwa takwimu za msingi, na kama za msingi zina kasoro, kipimo kinazirithi zote hata kikiwa na desimali ngapi.

Chukua besi zilizoibwa. Kabla ya 1898 mkimbiaji aliandikiwa kuiba hata pale alipopata besi ya ziada kutokana na pigo la mwenzake, kwa hiyo wizi wa McPhee na wizi wa Collins si kitu kimoja, ingawa vyote vimeandikwa katika safu moja. Collins ana 741. Lakini je, alinaswa mara ngapi akijaribu? Kwa miaka mingi ya ujana wake hakuna aliyekuwa akiandika jambo hilo kwa ukamilifu, na bila hiyo huwezi kujua faida halisi ya kasi yake. Chukua pia mwaka 1887, ambapo ligi ziliamua kwamba besi ya bure (anayopewa mpigaji pale mrushaji anaposhindwa kumrushia mipira mizuri) ihesabiwe kuwa pigo, zikaachana na uamuzi huo mwaka mmoja baadaye. Mtu asiyejua hilo atashangaa kwa nini vitabu vya zamani vinapingana na vipya kuhusu wapigaji wa msimu ule. Hata hiyo 0.426 ya Lajoie utaikuta katika vitabu vingine ikiwa 0.422.

Halafu kuna mwaka 1910, ambao kwangu mimi ni wa kusikitisha. Ty Cobb wa Detroit na Lajoie walikuwa wakigombea ubingwa wa kupiga, na kampuni ya magari ilikuwa imeahidi gari kwa mshindi. Siku ya mwisho, katika michezo miwili kule St. Louis, meneja wa timu ya nyumbani, Jack O'Connor, ambaye kama wengi hakumpenda Cobb, alimwagiza mlinzi wake wa besi ya tatu asimame nyuma kabisa. Lajoie akawa anaugusa mpira taratibu kuelekea huko na kufika besi ya kwanza bila kusumbuliwa. Alipata mapigo 8 siku ile, mengi yakiwa ya namna hiyo. O'Connor alifukuzwa, Cobb akatangazwa mshindi kwa 0.385 dhidi ya 0.384, na kampuni ikawapa gari wote wawili. Miaka mingi baadaye, mwaka 1981, ikachapishwa kwamba mchezo mmoja wa Cobb ulikuwa umeandikwa mara mbili katika daftari la ligi, kwa hiyo hata ushindi ule ulikuwa na walakini. Wakuu wa ligi walikataa kubadilisha tuzo. Mwalimu atakapogawanya wastani wa Lajoie wa 1910 kwa wastani wa ligi atapata namba kubwa ya kupendeza, kubwa hata kuliko ya 1901, na ninamwomba akumbuke mapigo yale kabla ya kuitumia.

Kuna na wale ambao daftari halikuwafungulia ukurasa. Frank Grant alikuwa mchezaji Mweusi wa besi ya pili aliyechezea Buffalo katika Ligi ya Kimataifa kuanzia 1886 hadi 1888, ligi iliyokuwa ngazi moja tu chini ya ligi kuu, na alikuwa miongoni mwa wapigaji bora wa timu yake. Mwaka 1887 wenye timu walianza kuwafungia milango wachezaji Weusi, na Grant akamalizia miaka yake katika timu za Weusi ambazo michezo yake mingi haikuandikwa popote panapoweza kukusanywa leo. Alizaliwa mwaka 1865, kwa hiyo miaka yake ya nguvu ndiyo hiyohiyo ya McPhee. Cooperstown walimpokea mwaka 2006. Mtu akiniletea orodha ya wachezaji bora wa besi ya pili wa karne ya 19 iliyopangwa kwa kipimo cha ushindi, nitamuuliza amemweka wapi Grant, na asiponiambia lolote nitajua kwamba orodha yake ni ya wale walioruhusiwa kuandikwa. Hilo si kosa la hesabu, lakini linapaswa kusemwa pembeni ya hesabu.

Mwalimu wa Hisabati, Buruburu

Mzee, umenena, na mwaka 1910 sitautumia.

Ndugu Mfuatiliaji, kuhusu 127 na 124: tofauti ya 3 katika maisha yote ya uchezaji, ambayo kwa Collins yalianza 1906 na kwisha 1930, ni ndogo kuliko ukungu uliomo katika makadirio ya ulinzi peke yake. Kipimo hicho hakiwezi kukuambia nani kamzidi nani kati ya hao wawili. Kinaweza kukuambia kwamba wote wawili wako juu ya Lajoie, na sababu kubwa ni besi za bure. Lajoie alikuwa na mapigo 3,243 na besi za bure 516. Collins alikuwa na mapigo 3,315 na besi za bure 1,499. Jumlisha: Lajoie alifika besi kwa njia hizo mara 3,759, na Collins mara 4,814, tofauti ya zaidi ya mara 1,000. Kiwango cha Collins cha kufika besi ni 0.424, na cha Lajoie ni 0.380. Nguvu ya Lajoie inapunguza pengo hilo, ila haiwezi kuliziba. Henry Chadwick, mwandishi wa habari za besiboli wa karne ya 19, na wenzake walipoanzisha wastani wa kupiga hawakuipa besi ya bure thamani yoyote kwa mpigaji, na kwa vizazi kadhaa watu waliendelea kuwahukumu wachezaji kwa kipimo kisichoona nusu ya ubora wa mtu kama Collins.

Binti wa Parklands

Mimi kati ya Hornsby na Collins nitachagua bila kusita, kwa sababu swali la ndugu yetu ni kuhusu wachezaji wa besi ya pili, si kuhusu wapigaji kwa jumla. Hornsby hakuwa wa kudumu katika besi ya pili hadi 1920. Kabla ya hapo alizungushwa katika nafasi nyingine, na michezo yake katika besi ya pili ni takriban 1,560. Waliomwona walilalamika kwamba mipira ya juu iliyomlazimu kukimbia akitazama nyuma ilimsumbua, na hilo ni jambo ambalo kila anayecheza nafasi hii anajua linavyogharimu, kwa sababu nyuma yako hakuna mtu karibu. Collins alicheza michezo 2,650 katika besi ya pili, na hakuna aliyemfikia mpaka leo. Alisaidia kutoa wapinzani mara 7,630 katika nafasi hiyo, na hiyo pia ni rekodi. Hata nikizipunguza namba hizo kwa sababu zote nilizozieleza mwanzoni, na hata nikikubali kwamba katika ujana wake nafasi hiyo haikuwa ngumu kama ilivyokuja kuwa, bado naona mtu aliyeanza wakati besi ya pili ilikuwa nafasi ya kupiga, akaendelea kuicheza ilipokuwa inageuka, na hakuhamishwa.

Kwa hiyo kwa besi ya pili namweka Collins wa kwanza, Hornsby wa pili kwa ajili ya fimbo yake, na Lajoie wa tatu, karibu sana na Hornsby. Kwa karne ya 19 namweka McPhee mbele ya Barnes kwa urefu wa kazi na ulinzi wake, nikiacha mahali pa Grant ambapo Mzee amepaonyesha. Na ningependa wapenzi wa takwimu wamtazame zaidi Cupid Childs, aliyecheza hadi 1901 na kumaliza na kiwango cha kufika besi cha 0.416 katika nafasi hii, na ambaye hayumo Cooperstown wala watu hawamtaji. Mwalimu, ukipata nafasi, mgawanye naye kwa wastani wa ligi ya miaka yake, ukikumbuka kwamba mwaka 1893 mrushaji alisogezwa nyuma na wastani wa Ligi ya Taifa ukapanda kutoka 0.245 mwaka 1892 hadi 0.309 mwaka 1894, kisha utuambie kinachobaki.